Kamba Aliyeziba Shimo Lake

Kiprono mjukuu wangu,

Hapa Sigowet tuko wazima, ila mvua ya mawe imepiga chai. Barua yako imeninyima amani. Unasema kamba wako, yule wa baharini anayevunja makombe kwa ngumi, ameziba shimo lake ndani ya tangi la kioo, hataki kula, na unataka kulibomoa shimo hilo umwangalie. Tafadhali usibomoe!

Nikiwa msichana nilifuga kaa wa mtoni kwenye karai. Siku moja akajificha chini ya jiwe, akakataa chakula. Nikaogopa amekufa, nikamvuta. Kumbe alikuwa anajivua gamba. Mwili ulikuwa laini kama uji ulioganda, na mguu ukabaki mkononi mwangu. Jioni akafa.

Wakati huo kaka yangu alikuwa menjo, kule ambako vijana waliotahiriwa hufichwa mpaka wapone. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Umeniona nikienda kumchungulia kaka yako?" Na kila siku nilimwona akimpikia, kisha akiwapa wengine chakula wakipeleke.

Basi angalia maji yasichafuke, halafu umwache. Wewe mwenyewe ulinyamaza miezi minne huko Mombasa. Mara mbili nilifunga mzigo nije kukuangalia, na mara mbili nikaufungua.

Nyanya yako