Kadi Zilizokuwa na Saini Yako

Mama Zuhura,

Kiti chako nimekikalia mimi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, na mimi sina tena nguvu ya kuzungusha maneno. Mimi ndiye mratibu wa kamati ya makao ya wakimbizi sasa, Kitale na Bungoma, na ile ofisi yako ndogo nyuma ya msikiti nimepewa pamoja na ufunguo wake. Ukuta bado una alama ya mafuta pale ulipokuwa ukiegemeza kichwa ukiongea na simu. Wametaka kupaka rangi mara mbili. Nimewaambia wangoje kiangazi.

Nikupe habari kwanza, maana ulipenda habari kuliko chai. Uwanja wa maonyesho ya kilimo Kitale umebaki nyasi. Hema la mwisho liling'olewa Aprili. Wengine wamerudi mashambani mwao wakakuta msingi tu na mgomba, wakatandaza turubai juu ya msingi, na sisi tunaandika kwamba "wamerejea nyumbani". Wale waliokimbia mapigano ya mlimani wengi hawajarudi, bado wanapanga chumba kimoja kimoja Bungoma na Webuye, na kila wiki kuna mwenye nyumba anayechoka kungoja na kuwatolea vyombo nje. Yule mjane wa Kiminini uliyemtafutia chumba karibu na kinu cha posho amepata kazi hapo hapo kinuni, anarudi nyumbani mweupe hadi kope. Alikuulizia. Nilipomwambia tumekuzika, alikaa chini kwenye gunia.

Na kadi zako za kuwapangia watu vyumba hazitumiki tena. Tumeletewa fomu mpya kutoka Nairobi, ndefu, zimepigwa chapa vizuri. Zinauliza kabila, dini, idadi ya sufuria. Swali lako la tatu halimo.

Unakumbuka nilivyokuwa nikicheka maswali yako? Mtu anafika na mtoto mgongoni, matope hadi magotini, na wewe unamkalisha, unamwachia anywe uji, halafu unauliza yale matatu, daima kwa mpango ule ule. Unaumwa wapi? Unamwogopa nani? Na ni nani huwezi kulala naye chini ya paa moja? Mimi nikasema siku ile mbele ya watu, "Mama, huyu amelala mvuani wiki tatu, leo ati achague wa kulala naye? Si ata na punda atalala bana!" Watu wote wakacheka, hata wewe. Halafu ukaninong'oneza, bila hasira, "Wanyonyi, mtu akipoteza nyumba hapotezi haya." Ukaniambia habari za wale wake wenza wa Saboti, na wale ndugu wawili waliowekwa pamoja wakakatana kwa panga. Nilisikia kwa sikio moja. Mimi ni mtoto wa Bungoma, niliona ni wewe wa mjini unayehitaji kuuliza. Sisi tunajuana.

Sasa nikuandikie lile ambalo tulilijua wote wawili na hatukulisema hata siku moja.

Mwezi ule wa mvua ulikuwa umenipa bunda la kadi ulizokwisha kutia saini. Ulifanya hivyo kwa huruma, ili watu wanaoshushwa Bungoma wasikae kwenye lori wakingoja karatasi ipande Kitale na kurudi. Uliniamini. Ukasema, "Saini ni rahisi, kuuliza ndiyo kazi. Uliza wewe." Lori likaja adhuhuri, mvua inapiga kama imetumwa, familia kumi na moja, na wenye vyumba wa Webuye wamesimama wanataka kujua kama wanapata watu au la. Nikauliza swali la kwanza. La pili nikaliuliza kwa wachache. La tatu sikumwuliza mtu. Nilikaa kwenye kibanda cha kinyozi, nikapitisha kalamu kadi baada ya kadi, tiki, tiki, tiki, kama mtu anayepukuchua mahindi huku akifikiria mambo mengine.

Kadi mojawapo iliandikwa Simiyu, mke wake Nekesa, watoto wawili, na mama mzee Nasambu. Familia moja, chumba kimoja. Sikuangalia kwamba mama mzee hakuwa mama wa Simiyu. Alikuwa mama wa Nekesa.

Ningeona, Mama. Mtu yeyote wa kwetu angeona kama angeinua tu macho, kwa sababu hata kwenye lori alikuwa amekaa amempa mkwewe mgongo, na leso imeshushwa usoni. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawali pamoja. Kuliko kulala chumba kimoja, afadhali kufa, na hii si njia ya kusema tu, yeye alifanya hivyo. Mgeni akikosea hapo anasamehewa, hajui. Mimi nilizaliwa humo.

Wewe huwezi kujua yaliyoendelea Webuye kwa sababu hakuna aliyekueleza yote. Simiyu alitaka kwenda kulala nje yeye. Lakini mguu wake ulikuwa umekatwa kwa panga, kidonda kinanuka, na yule mama akakataa katakata. Hakuongea naye, alimwambia binti yake amwambie. Akasema amepata jirani mwema, mjane mwenzake, atakuwa akilala kwake. Kila jioni alijitanda blanketi lile la kijivu mlilotoa nyie wa msikiti, akaondoka kwenda kwa jirani. Hapakuwa na jirani. Palikuwa na veranda ya duka lililofungwa, upande wa ukuta wa choo, na gunia. Siku kumi na tisa. Asubuhi alirudi mapema, akawasha moto, akawauliza wamelalaje.

Alipoanza kukohoa aliwaambia ni moshi. Walipomfikisha hospitali mapafu yote mawili yalikuwa yamejaa, na akafa siku ya pili, akiwa bado hajataja ile veranda. Ni mlinzi wa duka aliyemwambia Nekesa, kwenye matanga.

Ule mkutano wa kamati, baada ya mazishi yake, nauota. Wazee wa kanisa upande huu, watu wa msikiti upande ule, kadi katikati ya meza na saini yako juu yake, imenyooka kama kawaida. Mzee mmoja akasema mtu wa mjini asiye na kwao hawezi kujua mila za watu, na ndio haya. Mwingine akasema ulikuwa na haraka. Wewe, haraka! Nikatazama sakafu. Nilijua kwamba kila mtu pale angetambua mwandiko wa tiki zile kama angejali kuangalia, lakini walikuwa wameshapata walichokitaka. Ukanitazama mara moja tu. Sikuona hasira, ningeipokea hasira. Ukasema, "Saini ni yangu." Basi. Wakakuondoa pale pale, na kabla chai haijapoa wakauliza ni nani atashika kazi.

Nilikungoja nje. Nilikuwa nimepanga maneno. Ukanishika bega ukasema, "Nenda ukale, Wanyonyi. Umekonda." Ukapita. Nikaenda nikala.

Ulipougua nilikuja mara moja, na maziwa. Ulikuwa umevimba miguu, na bado ulitaka kujua kama yule mzee asiyeona wa Matisi amepata mtu wa kumchotea maji. Nilikaa saa nzima. Nikaongea juu ya mvua. Ukanicheka r na l zangu kama zamani, ukasema hata Kiswahili changu nacho kinahitaji kutafutiwa makao. Nilitoka nikicheka, Mungu anisamehe. Mara ya pili niliyokuja ulikuwa umeshafungwa sanda. Nilisimama nyuma na Wakristo wenzangu, viatu mkononi, na sikulia kwa sababu niliona sina haki hiyo.

Ningeweza kuendelea hivyo miaka mingi. Watu wanaendelea. Lakini sasa kosa lile wamelipa jina lako. Wanaposomesha wafanyakazi wapya wa kujitolea, kuna sehemu inaitwa "kosa la Zuhura". Usiweke familia bila kuchunguza, usije ukafanya kosa la Zuhura. Na anayesomesha ni mimi. Nimelitamka kwa kinywa changu, zaidi ya mara moja. Mwezi uliopita msichana mmoja wa Kapenguria aliandika jina lako kwenye daftari, akainua mkono, akauliza ulikuwa mtu wa namna gani. Wewe uliyenifundisha kumkalisha mtu kabla ya kumwuliza jina. Nikamjibu, "Alikuwa mtu wa mjini." Msichana akaandika hivyo hivyo.

Kesho yake nikaenda Sirisia.

Simiyu na Nekesa wanaishi huko sasa, kwenye kipande walichoazimwa na mjomba. Nyumba ni ya udongo mbichi bado. Simiyu anatembea na fimbo. Nekesa alikuwa anapepeta maharagwe, na hakuacha. Nilidhani nitawaambia habari mpya, Mama. Nilidhani ni mimi wa kwanza kufika kuomba msamaha.

Nekesa akasema, "Yule mama wa Kitale alikuja hapa na mvua yote hiyo. Alisimama pale kwa ua, viatu ameshika kwa mkono sababu ya matope. Akaniambia ati amekuja kusema pole, kosa ni lake. Mimi nilimwambia asikanyage kwangu. Nilimwambia nyinyi watu wa mjini mmetuulia mama. Sikumpea hata maji."

Hukuniambia. Miguu ile iliyovimba uliibeba mpaka Sirisia, na hukumwambia mtu. Ulikwenda kuomba radhi kwa kosa langu na ukafukuzwa kama mbwa kwa ajili yangu, katika nchi ambayo hata adui akileta pole anapewa kigoda. Na ukarudi ukaniuliza habari za mzee wa Matisi.

Nikawaambia. Nilisimama, sikuthubutu kukaa. Nikasema kadi ziliandikwa na mimi, kwamba wewe ulitia saini karatasi tupu kwa kuniamini, kwamba kulikuwa na swali la kuuliza na sikuuliza. Nilidhani Nekesa atanipiga. Nilitamani anipige. Aliweka ungo chini, taratibu.

"Saa hii umekuja kunipea yako nibebe?" akasema. "Mimi nilikuwa na mtu wa kukasirikia. Nikiamka nakasirika, nalala. Sasa unaniambia nilifukuza mtu hana makosa, mgonjwa, na amekufa. Niende nimwambie nani?"

Nilikwenda kutua mzigo, nikautua kichwani mwa mtu ambaye tayari alikuwa amelala kwenye godoro siku kumi na tisa akidhani mama yake yuko kwa jirani. Simiyu akaniambia niende. Hakupaza sauti, alionyesha tu njia kwa fimbo. Nilikuwa nimeshafika barabarani Nekesa aliponifuata mbio, mikono bado ina makapi. Akauliza, "Hiyo kamati inakaa lini?" Nikamwambia Alhamisi. Akasema, "Nitakuja. Useme nikiwa hapo."

Basi Alhamisi ni kesho kutwa. Nimeshamwomba mwenyekiti muda, anadhani nataka kuzungumzia fomu. Baada ya mkutano Nekesa anataka apelekwe kaburini kwako. Nimemwuliza mwanao, amekubali, amesema atamwonyesha pa kusimama. Sijui atakuambia nini. Mpokee, Mama. Nakuomba hilo tu, mimi niache kando.

Ahadi yangu ni ndogo. Nitasema yote, nikiwa nimesimama, na nitataka iandikwe kwenye kitabu cha mikutano kwamba kosa lile linaitwa kwa jina langu. Wakitaka kunifukuza watanifukuza, na sitatetea. Lakini najua kuna mmoja atauliza kwa nini nilinyamaza siku ile. Nimejizoeza majibu mengi. Kwamba niliogopa. Kwamba nilichanganyikiwa. Kwamba ulisema wewe kabla yangu. Yote yanaelekea kuwa kweli, na nimeyatumia kujibembeleza usingizi mwaka mzima.

Kweli yenyewe sijawahi kuiandika, na nakuandikia wewe kabla hawajaisikia wao. Walipokuwa wakikuondoa, Mama, nilikuwa natazama sakafu nikihesabu ni nani mwingine anaweza kupewa kazi yako, na nikaona hakuna, ni mimi tu.

Mungu akulaze pema.

Wanyonyi