Nesi Aliyeolewa Malukhu

Bugembe, 23 Juni 2024

Kaka Fadhul,

Asalaam aleikum. Unaendeleaje huko Malukhu, Mbale? Mgongo je? Baridi ya mlima imepungua, au bado unakunywa chai ukiwa na koti? Sisi tu wazima. Bruhan anakusalimu, ingawa wiki hii mimi na mume wangu tunazungumza mambo ya lazima tu, kama vile chumvi iko wapi.

Sababu ni vitabu. Tangu binti yetu Shakirah aolewe akahamia Iganga, nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji ikikohoa. Kila nikienda Jinja kuchukua vitambaa vya duka, napita kwa mama mmoja anayetandaza vitabu kwenye turubai karibu na soko. Ananiambia, "Hajati, hiki kimebaki kimoja tu." Kaka, unanijua. Nikisikia kimebaki kimoja, moyo unakataa kuondoka. Nanunua, nakiweka chumbani kwa Shakirah, nasema nitasoma Jumapili. Jumapili napika, nalala. Mwaka mzima umepita hivyo.

Juzi Bruhan alifungua chumba kile akitafuta pasi, rundo likamwangukia mguuni. Akaja sebuleni anachechemea. "Jaliah, katika hivi umesoma vingapi?" Nikasema naendelea. "Naendelea ni vingapi?" Wallahi sikuwa nimemaliza hata kimoja. Cha keki nilikuwa nimetazama picha.

Basi ametoa amri. Chumba anakitaka kwa vifaranga vyake. Vifaranga vikifika mwezi wa tisa, vitabu ambavyo sijasoma vinakwenda kwa muuza chapati wa stendi, afungie chapati. Nimekataa kushindwa. Kila nitakachomaliza nitakutumia wewe ukihifadhi, kwa Kirunda wa teksi. Nilikupigia simu uniambie kama una nafasi, haipatikani. Una nini?

Dada yako,
Jaliah

Malukhu, 7 Julai 2024

Mpendwa dada Jaliah,

Waaleikum salaam. Barua imenifikia nami sijambo. Mgongo umetulia. Simu iliingia maji na sitaki nyingine. Za siku hizi zimeandikwa kwa miguu ya sisimizi.

Kuhusu vitabu, Bruhan ana haki, lakini usimwambie nimesema. Lete. Mtu aliyeendesha lori miaka yote ile, Juba, Goma, Mombasa, sasa amekaa barazani anahesabu mbuzi wa jirani. Nitavisoma vyote.

Mwalimu Wamboga wa nyumba ya pili anakusalimu. Unamkumbuka, yule mzee wa kanisa aliyelia kwenye msiba wa marehemu mke wangu Aminah mpaka watu wakamdhania ni shemeji. Tangu siku ile hatujaachana. Asubuhi anakuja na kiti chake, jioni anarudi nacho, kana kwamba mimi sina viti.

Wako katika undugu,
Kaka Fadhul

Bugembe, 28 Julai 2024

Kaka,

Salaam nyingi. Umeamkaje? Nimefurahi kupata barua, na nimeshangaa. Mwandiko wako umekuwa wa kupendeza hivyo lini? Herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Zamani ulikuwa unaandika kama kuku amekanyaga wino.

Kirunda amebeba vinne. Cha keki nimekisoma chote, hata ukurasa wa vipimo. Kuna cha mwizi wa ng'ombe, kuna cha historia ya reli (huyo mwandishi hana huruma, nimelala naye mara nyingi kuliko nilivyolala na Bruhan), na kuna hadithi ya nesi Rukia. Hicho cha nesi nilikisoma dukani, wateja wakawa wananiuliza bei ya kitenge nami nafuta machozi. Mmoja alidhani nimempandishia bei kwa majonzi.

Bruhan kila jioni anapita mlangoni, anatazama rundo, anasema "Mmh." Ameleta fundi wa kupima chumba. Nimemfukuza fundi.

Niambie utakavyoona cha nesi.

Dada yako,
Jaliah

Malukhu, 18 Agosti 2024

Mpendwa dada,

Salaam na heshima. Tuko wazima, mvua inatunyeshea vizuri.

Cha nesi nimekimaliza! Dada, kitabu kitamu. Ile homa ilipompata Rukia wodini, nilikosa usingizi. Nilisema, huyu hafiki. Lakini alipofumbua macho akaomba uji, nilipiga paja nikasema Alhamdulilahi! Halafu ile harusi! Pilau, ngoma, bwana harusi kavaa suti ya rangi ya maziwa. Na yale mahubiri ya mchungaji juu ya uvumilivu katika ndoa, ingawa yalikuwa marefu, yalinigusa. Majirani wote walisikia nikicheka barazani.

Cha mwizi wa ng'ombe nacho kizuri. Nimependa alivyotubu mapema, akajiunga na kwaya.

Tuma vingine.

Wako katika undugu,
Kaka Fadhul

Bugembe, 25 Agosti 2024

Kaka Fadhul,

Asalaam aleikum. Hujambo? Mimi sijui kama sijambo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Kaka, Rukia anakufa. Anakufa kwa homa ile ile, mchumba wake amemshika mkono. Ndiyo maana nililia juu ya vitenge. Hakuna uji, hakuna suti ya maziwa. Na katika kitabu kile watu wote ni Waislamu tangu ukurasa wa kwanza. Mchungaji aliingilia wapi? Mwizi wa ng'ombe naye anafungwa gerezani akiwa anatukana. Hajawahi kuona kwaya.

Wewe husomi. Unasomewa, na anayekusomea ni mzee wa kanisa. Na hizi barua zenye herufi za gwaride si mkono wako. Sasa naelewa na habari ya simu na miguu ya sisimizi.

Macho yako yamekuwaje? Niambie kweli. Na wewe Mwalimu Wamboga, kwa kuwa najua ndiwe unayeyasoma haya kwa sauti, shikamoo, na nakuomba hii usiirekebishe. Isome kama ilivyo.

Dada yako,
Jaliah

Malukhu, 1 Septemba 2024

JALIAH

SALAAM. NAANDIKA MWENYEWE. HERUFI HIZI NDIZO NINAZOZIONA.

ALIISOMA KAMA ILIVYO. ALIPOFIKA KWENYE MCHUNGAJI ALIKOHOA. NIKAMWULIZA NI KWELI? AKASEMA NI KWELI. NIKAMWAMBIA BEBA KITI CHAKO.

MIMI NI MTU MZIMA. NIMEPITA NJIA YENYE MABOMU YA ARDHINI NA MZIGO WA SUKARI. MTU ANANICHAGULIA KIFO CHA KUSIKIA?

MACHO NI MTOTO WA JICHO. DAKTARI ALISEMA APASUE. SITAKI KISU KWENYE JICHO. USINIAMBIE NENO.

KAKA

Bugembe, 8 Septemba 2024

Kaka yangu,

Salaam. Nakusalimu kwa upole kwa sababu umeniambia nisikuambie neno, nami nina maneno mengi.

Kwanza sikia habari ya kukuchekesha. Bruhan alichukua kitabu kimoja katika rundo, cha mauaji hotelini, akasema anataka kunionyesha ni takataka gani napoteza nayo wakati. Akakaa nacho chooni. Nikapiga hodi. "Nakuja." Nikapiga tena. "Jaliah, mpishi hakuwepo jikoni usiku ule, umeliona hilo?" Vifaranga vilifika Jumanne, vimewekwa sebuleni kwenye boksi, kwa sababu chumbani mwenye nyumba anasoma na hataki kelele. Sebule yote inalia piyo piyo. Nimeshinda, kaka, lakini siwezi kusikia redio.

Sasa neno moja tu. Mtu aliyepita kwenye mabomu anaogopa kijisu cha daktari? Watu wanaingia asubuhi, kesho yake wanafunguliwa bandeji wanaona. Yule hajati jirani yangu alifunguliwa akaanza kuwalaumu wakwe zake kwa mavumbi ya nyumba. Nenda. Na Mwalimu Wamboga usimweke mbali sana. Amekosa, lakini miezi hii ni nani amekuwa akikupikia chai?

Nimekutumia vitabu vingine viwili, vya mwisho. Hata usipovisoma, vipokee.

Dada yako,
Jaliah

Bugembe, 6 Oktoba 2024

Kaka,

Asalaam aleikum. Hujanijibu. Nilidhani ni hasira, nikakupa nafasi. Lakini leo Kirunda ameniambia amepita kwako mara mbili akakuta mlango una kufuli, na nyumba ya Mwalimu pia ina kufuli. Hakuna aliyemwambia lolote.

Sijalala vizuri. Bruhan naye ameacha kitabu, anauliza kila saa kama kuna habari. Kama nimekuudhi, nisamehe. Ningeweza kukuuliza kuhusu macho taratibu bila kumwaibisha mtu. Nilijifanya mjanja wa kusoma.

Jumamosi napanda gari, nakuja Mbale. Ukiwa nyumbani, nifungulie.

Dada yako anayehangaika,
Jaliah

Malukhu, 9 Oktoba 2024

Dada yangu Jaliah,

Waaleikum salaam. Futa machozi. Tazama huu mwandiko: ni mbaya kama zamani, na nimeuandika mimi, kwa miwani ya kusomea, nikiona mpaka nukta.

Nikueleze kwa utaratibu. Baada ya Wamboga kubeba kiti chake, nilikaa peke yangu. Asubuhi moja nilijikaangia mayai. Nikamimina mafuta, nikavunja mayai, nikasikia harufu ya malimau. Kumbe nimemimina sabuni ya vyombo. Povu likapanda likazima jiko. Nilisimama pale na mwiko, hakuna hata mtu wa kunicheka. Nikasema, Fadhul, hili ndilo jicho unalolilinda kwa kuogopa kisu?

Nikaita boda, nikaenda hospitali. Wakaniuliza, "Mzee, nani amekusindikiza? Hatuwezi kukupasua ukarudi peke yako umefungwa jicho." Nikasema sina mtu, watoto wako mbali. Nyuma yangu sauti ikasema, "Ana mtu." Wamboga! Aliniona napanda boda bila fimbo, akapanda nyingine akanifuata. Sikumsalimu. Naye hakunisalimu. Alikaa benchi siku nzima ananishikia viatu.

Ndani nilimkamata daktari mkono. Akaniambia, "Mzee, nasikia wewe ni dereva." Nikasema ndiyo. "Basi leo kaa kiti cha abiria." Nikamwachia. Maumivu hakuna, dada. Ni maji maji tu na taa. Wamboga alinichukua mpaka kwa binti yake anayekaa mtaa wa Namakwekwe, kwa sababu kule kuna watu wa kunitia dawa kila mara, ndiyo maana nyumba zote mbili zilikuwa na kufuli. Tulikaa wiki tatu nyumba moja, tunaambiana "chai hiyo" na "dawa hiyo," basi. Kuandika sikuruhusiwa, na kumwomba yeye aniandikie, kiburi kilinizuia. Hilo ndilo kosa langu kwako.

Tuliporudi, kitu cha kwanza nilichukua cha nesi. Nilikisoma barazani, peke yangu. Nikafika wodini. Dada, unajua mchumba wake anavyomwambia "pumzika, mimi nipo"? Wewe hukuwapo chumbani siku ya mwisho ya Aminah. Hata watoto hawakuwapo, walikuwa wamekwenda kutafuta gari. Nilikuwapo mimi, na mlangoni alikuwa Wamboga na thermosi ya chai. Nilimwambia Aminah maneno yale yale.

Nilifunga kitabu. Nikamwona akilini mwalimu wa watu anasoma kwa sauti, ameona mistari ile inakuja, hana pa kukimbilia, na mimi nimekaa mbele yake nangoja. Akatafuta uji. Ungefanyaje? Mimi ningeongeza hata watoto mapacha.

Nilikwenda kwake nimebeba kiti changu. Alikuwa anapalilia. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi: nywele zote nyeupe, na lile koti la bluu analovaa, dada, ni la kijani. Nikamwambia, "Wamboga, ile suti ya rangi ya maziwa, ulipata wapi?"

Akasema, "Niliolewa nayo." Kisha akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Niliolea, nilioa nayo, Fadhul, usinichanganye."

Njoo Jumamosi, usiahirishe, na uje na Bruhan. Mpishi wa hoteli, yule wa kitabu cha Bruhan, tumemjadili sana hapa na tunataka kujua kama ndiye muuaji. Vifaranga mwachieni Shakirah. Nitapika mimi, mafuta nimeyaona.

Katika viwili vya mwisho ulivyotuma, kimoja ni cha ufugaji wa nyuki. Nilimpa Wamboga asome. Akasema, "Si unaona sasa?" Nikamwambia naona, ila sauti yangu hainipendezi. Nimekaa karibu, naufuata mstari kwa kidole ili asinidanganye. Jana tumeanza. Tuko ukurasa wa pili, na malkia ameshapata mchumba.

Kaka yako,
Fadhul