Nimemzomea Mchumba wa Binti Yangu kwa Bia ya Maboga Ninayoipenda

Mpendwa Bi Farrand, naomba msaada wa safu yako ya ushauri, na kama ni kucheka basi cheka kwanza ndipo uendelee kusoma, maana jambo lenyewe ni bia tu, lakini limenifikisha mahali ambapo mke wangu Ardith ananiwekea chakula mezani na kwenda kula chake jikoni, na binti yetu Maren hataki kukanyaga kwangu Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo familia hukusanyika kula bata mzinga pamoja.

Mimi ni mzimamoto wa kujitolea katika mji mdogo kaskazini mwa New York, na kila Jumatatu baada ya mazoezi tunakaa kwenye baa ya ukumbi wetu tukinywa bia nyepesi waliyokunywa baba zetu, na mtu akitaja bia ya maboga, ile ya msimu yenye viungo vya keki, anachekwa mpaka atafute koti lake, nami nacheka kuliko wote, ilhali kila mwaka majani yakianza kugeuka rangi naendesha gari hadi miji ambako hakuna anijuaye kutafuta bia hiyohiyo, na nyingi ni mbaya, nyingine mdalasini mtupu kama umelamba mshumaa, nyingine tamu kama dawa ya kikohozi, lakini nikipata ya kufaa naificha ghalani nyuma ya pipa la chakula cha kuku na kuinywa peke yangu, nimesimama.

Jumatatu iliyopita Corwin, mchumba wa Maren, fundi wa paa, kijana mpole, alikuja ukumbini kuomba kujiunga na kikosi, amebeba kreti ya bia ya maboga ya mtengenezaji mdogo wa Vermont, ileile niliyoitafuta siku nyingi nisiipate. Kabla sijafungua mdomo, mwenzangu Gerrit akainua chupa kwa vidole viwili kama anashika panya aliyekufa.

"Jamani, nani kaleta manukato ya bibi yake?"

Wote wakaniangalia mimi, maana ni mkwe wangu mtarajiwa, nami nikasema kwa sauti, "Kijana, hapa tunakunywa bia. Keki yako wapelekee akina mama kanisani."

Ukumbi ukalipuka. "Moto ukiwaka," Gerrit akaongeza, "huyu hatumpi bomba, tunampa krimu apambe keki!"

Corwin akatabasamu. "Haya, mzee," akasema, akaondoka, kreti akaiacha.

Nikaibeba nikisema naenda kuitupa, kumbe nikaipeleka ghalani kwangu. Bi Farrand, ilikuwa nzuri kuliko zote, boga limeokwa kwanza, unalisikia kabisa, na karafuu kwa mbali tu, na nilikuwa kwenye chupa ya pili Maren alipoingia ghalani.

"Kumbe ni kweli," akasema.

"Kweli nini?"

"Mama anajua siku zote, akamwambia Corwin unaipenda. Alikuletea wewe, baba. Ulipokuwa unamcheka alikuwa anajua, na akanyamaza. Mimi ningesema."

Kisha akaniambia Shukrani watakula kwa wazazi wa Corwin. Nimpigie Corwin simu nimwombe radhi kimyakimya, au ningoje hasira zishuke?

Mzimamoto

*

Ndugu Mzimamoto,

Sijacheka. Nakuhurumia, na aibu unayoisikia umeichuma kwa mikono yako.

Kupenda bia ya maboga si kosa. Kuificha nyuma ya chakula cha kuku ni upuuzi, ila ni upuuzi wako na haukumdhuru mtu. Kosa lilianza ulipomfanya kijana wa watu alipie siri yako. Wanaume wale walikuangalia ili wajue wamtendee vipi mgeni, nawe ukawaonyesha.

Corwin angeweza kukumaliza hapohapo: "Mzee, si ndiyo unayoipenda?" Basi. Alikusitiri mbele ya wenzako huku unamvunjia heshima. Sasa unataka kumwomba radhi kimyakimya, yaani aendelee kukusitiri. Hapana, bwana. Mficha uchi hazai.

Simu iweke chini. Leo zungumza na Ardith, maana yeye naye umemdhalilisha: alimwamini kijana akampa siri yako kwa mapenzi mema, nawe ukaigeuza mzaha. Jumatatu nenda ukumbini, na kabla watu hawajazama kwenye vinywaji simama useme: "Bia ile aliniletea mimi. Naipenda, huwa nainywa kwa kujificha. Nilimtukana Corwin kwa sababu niliwaogopa ninyi." Gerrit atakuwa na la kusema. Mwache aseme. Watakutania mpaka theluji iyeyuke, na hutakufa. Kisha mwombee Corwin nafasi kikosini, mdhamini wake ukiwa wewe.

Ukitoka hapo nenda kwake. Mlangoni mwambie ulichosema na waliokusikia. Usimuulize kama amekusamehe, na sikukuu usiitaje.

Huenda mwaka huu wakala kwa wazazi wake hata hivyo. Ardith aoke bata mzinga, nawe kaa ule. Usimpigie Maren kumwambia nyumba imepooza. Anajua. Mwache aamue mwenyewe lini atarudi kwa baba aliyesema ukweli.