Goti la Nasri

Ibra, Jumamosi, baada ya alasiri

Mama yangu,

Shikamoo. Ipokee hii kwanza, hata kabla hujavaa miwani, kisha ukae kitako uisome barua polepole. Kifua chako vipi na vumbi la kaskazi? Na ule mguu uliokuwa ukikuwaka moto usiku umetulia, au bado unaukanda kwa mafuta yale ya karafuu? Sisi wazima, tunashukuru. Mafua tu ndiyo hayanitoki, kila siku kuingia kwenye baridi ya kiyoyozi na kutoka kwenye jua. Mkweo Seif anakusalimu sana. Mjukuu wako Nasri anakuamkia, amerefuka mashaallah, suruali za Idi zimeshampanda juu ya vifundo.

Utauliza kwa nini nimeandika karatasi na simu zipo. Simu yako, Mama, ukiipokea unaitia spika, nikisema neno moja hapo Kikwajuni mtaa mzima unalijua kabla ya magharibi. Barua hii anakuletea binamu yake Seif anayekuja huko kwenye harusi. Nimeifunga kwa gundi, nikapiga na selotepu juu, maana huyo binamu naye simwamini sana. Ukiikuta imefunguliwa nijulishe.

Habari yenyewe ni ya Nasri na mpira wa magongo. Ulijua kwamba anacheza kwenye klabu ya hapa Ibra. Hapa kila mtoto anacheza, awe anajua au hajui, wanafukuzana mpaka adhana, wakirudi nyumbani wanakula sufuria zima. Sasa mwaka huu wamefungua shule ya mchezo huo Nizwa, yenye uwanja wa nyasi bandia na kocha kutoka Uholanzi. Watoto wamegawanywa katika ngazi tatu. Ya kwanza ndiyo inayosafiri kucheza na timu za mikoa mingine. Ya pili ina mazoezi makali vilevile, ila mechi zake ni za karibu. Ya tatu ni ya wanaokuja kuchangamsha mwili, na wengi ni watoto wadogo wa miaka minane, tisa. Kutoka hapa si karibu: unapita Samad Ash Shan, unaibukia Izki, unapita migomba ya Birkat al Mauz, ndipo unafika.

Seif alisema Ibra panamtosha, acheze na wenzake, mtoto wa miaka kumi na tatu hana haja ya kocha Mzungu. Lakini Seif kazi yake iko Sur, anakuja mwisho wa wiki, na haoni ninachokiona mimi. Nakuandikia wewe tu, Mama, na useme mashaallah hapo ulipo: mtoto yule akiwa na gongo mkononi mpira haumtoki. Hapa Ibra keshakosa wa kushindana naye. Basi nikaamua kumpeleka Nizwa mwenyewe, kwa gari yangu.

Siku ya kuandikishwa tulikuwa akina mama kama sita chini ya kibanda cha kivuli, wote wageni kwangu, na akina baba wamesimama upande wa pili. Kocha akawa anapita kwa mmoja mmoja akiuliza mtoto wako yukoje. Alipofika kwangu akauliza kwa sauti, na wale wanawake masikio yamesimama. Nikamjibu kama anavyojibu mtu mwenye akili zake. Nikasema huyu wangu mvivu, gongo lenyewe linamshinda, na goti lake moja bovu, nimemleta atoke jasho tu. Wewe ungesemaje? Nimtangaze mwanangu mbele ya macho yote yale nisiyoyajua?

Wiki iliyofuata wakatangaza ngazi. Nasri ngazi ya tatu.

Mama, nilihisi damu imenipanda kichwani. Mwanangu kasimama katikati ya watoto wanaomfika kiunoni! Na kwenye ngazi ya kwanza nani? Khalfan, mtoto wa mwanamke mmoja wa hapo hapo Nizwa, ambaye anakimbia kama kabeba ndoo ya maji kichwani. Nikajua hapa kuna mkono wa mtu. Na huyo mama yake, Umm Khalfan, mimi mwenyewe, nimekaa garini, nilimwona kwa macho yangu akimpa kocha chombo cha halwa. Halwa ya nini? Mtu hatoi halwa bure.

Kuanzia siku hiyo sikushuka tena garini. Nilikuwa naegesha pembeni, nimevaa miwani myeusi, kioo nimekiteremsha kidogo niwasikie. Nikaona kocha anamchekea Umm Khalfan. Nikaona anampigapiga Khalfan begani. Nikaona kila mwisho wa mazoezi anamwita Nasri pembeni, anainama, anamwuliza jambo, Nasri anatikisa kichwa. Nikimwuliza Nasri alikuwa anakuuliza nini, ananijibu, "Ananiuliza goti yangu inauma. Mi namwambia haiumi." Nikasema ahaa, anatafuta sababu.

Jumatano nikaenda soko letu la wanawake hapa Ibra, nikamdokezea yule bibi ninayenunua kwake udi. Akasikiliza, akafunga mfuko wangu, akasema, "Ya bint, Nizwa ni Nizwa. Wanajuana wenyewe kwa wenyewe." Basi mimi hilo lilinitosha. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Nikaona nami nitoe changu. Nikamimina mkate wa kumimina mzuri kabisa, iliki ya kwetu, umepanda hadi ukagusa mfuniko. Nikamtuma Nasri ampelekee. Kocha akashukuru sana kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, akaukata pale pale vipande vidogo vidogo, akawapa watoto wote wa ngazi ya tatu. Rushwa yangu ikaliwa na watoto wa miaka minane.

Nilipompigia Seif kumwambia kwamba labda ni kwa sababu sisi Zinjibari, kama wenyeji wa hapa wanavyotuita tuliotoka huko kwenu, alicheka mpaka akakohoa. "Ya Salma, wallahi wewe wangekuweka forodhani. Mholanzi anajua wapi nani Zinjibari nani si Zinjibari? Muulize mwenyewe, khalas."

"Nimuulize anidanganye?"

"Basi mtoe arudi Ibra acheze na wenzake. Mi nilisema toka mwanzo."

Kumtoa sikutaka, na kuuliza sikutaka. Lakini mwenye kuteketea alikuwa mtoto. Nasri alikuwa akilifuta gongo lake kila jioni kama mtu anayefuta vyombo vya bibi harusi. Akaacha. Likawa linalala kwenye buti la gari na vumbi lake. Chakula kidogo. Siku moja tunarudi, tumeshapita Izki, akasema bila kunitazama, "Mama, tusiende tena. Gongo yangu mpe mtu."

"Nimpe nani?"

"Yoyote. Khalfan."

Nilipolisikia jina hilo nikasema lolote na liwe. Jumatatu iliyopita nikavua miwani myeusi, nikashuka garini, nikakatiza uwanja mzima na buibui langu mpaka kwa kocha. Umm Khalfan alikuwa kasimama hapo hapo akimngoja mwanawe, na mimi sikujali, nilitaka asikie. Nasri alikuwa akikusanya mipira.

Nikamwambia kocha, kwa Kiingereza kile mlichonilipia skuli, "Nambie kweli. Nani kakwambia umweke mwanangu na watoto wadogo?"

Akanitazama. Akasema, "Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema goti lake bovu. Ulisema mvivu, na gongo linamshinda. Mimi nilipomwona anacheza niliona mengine kabisa. Lakini nikasema mama ndiye anayemjua mwanawe, na goti la mtoto anayekua si la kufanyia mchezo. Kila siku namwuliza kama linauma, anasema haliumi. Nikadhani anaficha ili acheze."

Mama, ulimi uliniponza kichwa. Nilitamani ardhi ya Nizwa ipasuke. Nikasema goti halina kitu. Akauliza, kwa upole kabisa, "Basi kwa nini ulisema lina kitu?" Mtu huyo kwao mtu akisema nyekundu ni nyekundu. Utamweleza nini kuhusu kijicho, na hasidi mwenyewe unayemdhania yuko hatua mbili kutoka kwako?

Ni Umm Khalfan aliyeniokoa. Alicheka, akanishika mkono. "Ya ukhti, mbona hukumleta baba yake? Mimi siku ile niliingia garini nikafunga mlango, nikamwacha mume wangu aseme. Ningesema mimi, Khalfan wangu angekuwa kiwete." Akamgeukia kocha akamweleza, kwa Kiarabu na kwa mikono, kwamba kwetu mama hamtaji mwanawe kwa uzuri mbele za watu, kwa hofu ya jicho. Kocha akasikiliza, akashika kichwa. Na ile halwa, Umm Khalfan akaniambia, ilikuwa ya akika ya mtoto wa dada yake, aligawa kwa kila mtu uwanjani. Mimi sikupata kwa sababu nilikuwa garini nampeleleza.

Kocha akaniambia yuko tayari kumpandisha. Ngazi ya kwanza ana nafasi, lakini mbele yake kuna wavulana wakubwa, atakaa benchi mechi nyingi na kuvaa jezi nzuri tu. Ya pili atacheza kila mechi, atakosea, atarudia, na mwakani ndiyo waone. "Ngazi inayomfaa," alisema, "ni ile inayomfanya arudi nyumbani amechoka na anataka kesho ifike." Usidhani nilimwamini pale pale. Nilijiuliza, huyu ananipoza nini na hiyo ya pili? Lakini nilikuwa nimeshachoka kushuku, nikasema tumwulize mwenyewe. Nikamwita Nasri.

Akaja, na mipira kwenye wavu begani. Kocha akamweleza yote. Nasri akatazama chini kwenye zile nyasi bandia.

"Niacheni hapa hapa na watoto," akasema. "Mi sijui kucheza."

Kocha akamwuliza, "Nani kakwambia hujui?"

Nasri alinitazama mimi.

Mama, katika maisha yangu nimetazamwa na watu wengi kwa jicho baya, na kila mara nimejua cha kusoma. Kwa jicho lile la mwanangu sikuwa na dua.

Tukaondoka. Njiani nikashindwa kuendelea kuendesha. Nikaegesha Birkat al Mauz, pale migomba inapokaribia barabara, na maji ya falaji yanapita kwenye mfereji wake chini ya ukuta. Nikamwambia, "Nasri, mimi nasema vile kwa watu. Si kweli. Nasema ili wasikuangalie vibaya."

"Kila siku unasema. Kwa Bibi kwa simu unasema. Kwa majirani unasema. Kwa mwalimu unasema. Mimi ntajua vipi ipi kweli?"

"Wewe unajua kucheza. Mashaallah. Unajua kuliko wote niliowaona pale uwanjani, mashaallah."

Akanigeukia. "Mama, kwa nini unanong'ona? Tupo peke yetu."

Kumbe nilikuwa nanong'ona. Vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma, hakuna mtu hata mmoja nje, nami nanong'ona kama mwizi. Nikajaribu kulisema kwa sauti, Mama. Sauti ilikataa kutoka mara ya kwanza, ikakubali ya pili. Nililia, na yeye akanipa tishu, akaangalia pembeni kwenye migomba.

Amechagua ngazi ya pili. Sharti lake moja: nisizungumze tena na kocha, azungumze baba yake. Nimekubali. Leo Seif ndiye aliyempeleka, na asubuhi niliposhuka nililikuta gongo mezani limefutwa linang'aa. Sikulisifu. Niliweka mkono juu yake tu nikapita, lakini hapa kwako naliandika: linang'aa.

Nisalimie dada yangu mkubwa, mwambie kitambaa cha magauni nitampa mgeni mwengine, huyu binamu hatafika nacho. Msalimie mjomba anayesalisha, na aniombee dua. Msalimie shangazi anayekaa nawe, na usimsomee barua hii hata akikuuliza mara kumi. Jirani wa mlango wa bluu mpe salamu za juu juu tu.

Sasa nakuuliza lililonifanya nichukue kalamu. Unakumbuka mwaka ule nilipofaulu, walimu wakaja nyumbani wakataka niende chuo cha ualimu? Sebule ilijaa watu. Ukawaambia, "Huyu? Huyu kichwa chake jiwe, mnapoteza wakati wenu, huyu wa kuolewa tu." Watu wakacheka na mimi nikacheka. Kesho yake niliwaambia walimu siendi. Sikuwaambia kwa nini. Hata wewe ulishangaa, ukanigombeza. Na mimi miaka yote hii nimekaa nikijua kwamba mama yangu, anayenijua, ndivyo alivyoniona.

Silaumu, Mama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sebule ile ilikuwa na macho mengi kuliko kile kibanda cha Nizwa. Lakini mwanangu kanifundisha kuuliza. Ilikuwa kweli, au lilikuwa goti la Nasri?

Usinijibu kwa karatasi, itasomwa njiani. Nipigie, uitoe spika, ufunge mlango wa chumbani. Hata ukinong'ona nitakusikia.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kuungoja mlio wa simu,

Salma