Ndizi za Tembo wa Hekaluni

Mjukuu wangu Koku,

Huku Nshambya sote wazima, na bibi yako bado ananigombeza kila asubuhi. Umeuliza kama niliwahi kuingia hekalu la Wahindi pale mjini. Mimi, mtu niliyefika mpaka Kampala, nishindwe hapo?

Enzi za Mwingereza bibi yako, msichana bado, aliwauzia Wahindi ndizi mbivu za sadaka. Watu walisema ndani wamefuga tembo anayezila.

"Kaone," akanitania. "Ukitoka mzima, njoo unipose."

Nikavua viatu, nikaingia. Tembo mwenyewe sanamu ya mungu wao! Mzee mtunza hekalu akanisimulia: mungu yule alikatwa kichwa na baba yake ambaye hakumtambua, kisha akawekewa cha tembo. Waitu, nikamwonea huruma. Nikamwekea miguuni kahawa yangu ya kutafuna, kama tunavyompa mgeni yeyote nyumbani.

Mzee akacheka. "Sasa amekuwa Mhaya!" Akanipa ndizi moja. "Zikishabarikiwa, tunagawana watu wote."

Nikampelekea bibi yako.

"Haya, nani anazila?"

"Wewe," nikamjibu, nikamkabidhi.

Akaimenya, akaikata, akanipa nusu. Mpaka leo hajawahi kula ndizi nzima mbele yangu.

Babu yako anayekupenda,
Ta Rwiza