Picha Iliyosafishwa

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute umekaa, na kama umelala basi zikukute umelalia ule upande usiouma. Watoto hawajambo? Shemeji je, na mama mkwe, magoti yake yamepoa kidogo? Mimi huku ni mzima. Neno hilo naliandika kwa aibu, maana siku hizi nikilitamka najiona kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa. Nakula, naamka, naenda kazini, na sina hata kidonda cha kumwonyesha daktari.

Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili na kuuliza huyu mtoto kapatwa na nini, barua tena zama hizi. Nimekupigia simu mara nne tangu mama aliponipa habari, na mara zote nne nimeishia kuuliza mitihani ya watoto na kama mvua imenyesha. Mara ya mwisho ulicheka, ukasema nimegeuka mtabiri wa hali ya hewa. Na mimi nikacheka, nikakata simu, nikaenda kujifungia chooni hapa ofisini mpaka mtu akagonga mlango. Ujumbe wa simu nao siuamini, kwa sababu simu yako inasomwa na kila mwenye macho humo ndani. Kwa hiyo nimempa mama akuletee mkononi. Hajui kilichomo, na tafadhali usimsomee.

Nianze na habari za kazini. Usidhani nakuzungusha, zinakuja kwako.

Unamjua Chiriku, yule mwimbaji ambaye nyimbo zake ulikuwa ukiziimba jikoni na kukosea maneno yote. Mwezi uliopita aliweka picha yake mtandaoni. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, kifua wazi, upande mmoja titi, upande mwingine kovu linalotoka katikati ya kifua mpaka kwapani. Chini yake ameandika kwamba alikatwa miezi mitatu iliyopita na kwamba aligundua akiwa amechelewa. Basi. Hakuomba huruma ya mtu.

Dada, ungesoma walichoandika watu! Mwanamume mmoja aliuliza mumewe sasa atashika nini, na maelfu wakabonyeza alama ya kicheko. Mwingine akasema hayo ndiyo malipo ya kucheza jukwaani nusu uchi. Wanawake wenzetu nao hawakubaki nyuma, wakamwambia angejisitiri, kuna watoto humu. Watu walewale waliyatazama matiti yake mawili kwa miaka kumi bila kulalamika, na lilipoondoka moja ndipo wakakumbuka maadili. Nami niliyasoma yote mpaka la mwisho.

Ofisini kwetu habari ile ilipokewa kama mgeni mwenye zawadi. Jarida letu ni la wanawake, kama unavyojua, na mhariri wetu ni mwanamke, tunamwita Madam. Alitaka picha ya Chiriku ukurasa mzima, na juu yake kichwa cha habari kinachouliza kama mume atabaki. Halafu akaja kwenye meza yangu, akaniambia nilainishe kovu kidogo tu, lisiwatishe wasomaji. Nikamjibu kwamba kovu ndiyo habari yenyewe. Akasema msomaji wetu anafungua jarida akiwa tayari anajisikia vibaya, hatuwezi kumwongezea. Wala hakuwa na ubaya aliposema hivyo. Yeye mwenyewe mwaka jana alitolewa kizazi, na sisi wote tuliambiwa amekwenda likizo.

Hapo inabidi nikueleze kazi yangu, maana umewahi kuwaambia majirani kwamba mimi ni mpiga picha, na sijawahi kukusahihisha. Mimi sipigi picha. Napanga kurasa, na picha zikishapigwa nazisafisha. Kusafisha ndilo neno letu. Napunguza tumbo, naondoa chunusi, narefusha shingo, nafuta michirizi ya uzazi kwenye mapaja ya mwanamke aliyezaa watoto watatu ili afanane na aliyekuwa bado shuleni. Kwa siku nasafisha picha thelathini, arobaini. Mkono unakwenda wenyewe.

Sasa, mwaka jana mwezi wa pili, Chiriku huyohuyo alikuwa kwenye jalada letu. Toleo hilohilo, kwenye ukurasa wa afya, daktari mmoja wa kike anayetuandikia alikuwa ameandika juu ya saratani ya matiti. Madam aliisoma akasema neno titi halifai, watangazaji wa sabuni hawapendi kuliona karibu na bidhaa zao, tuweke kifua. Tukaweka kifua, na wasomaji wawili wakatuandikia kuomba dawa ya kikohozi. Halafu likaja tangazo la losheni lililohitaji nafasi, kwa hiyo ile aya iliyoeleza dalili ikatolewa. Huku ndani neno lilikuwa aibu, na kule kwenye jalada matiti ya Chiriku yanachungulia gauni, yanauza nakala. Aliyeitoa ile aya ni mimi. Niliisoma kwanza, halafu nikaitoa.

Siku Madam aliponiachia lile kovu nililainishe, nilirudi kwenye kompyuta nikatafuta picha ya jalada lile la mwaka jana, ile ya mwanzo, kabla sijaigusa. Nikaikuza. Juu ya titi la kushoto kulikuwa na kibonyeo kidogo, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa. Mpiga picha alikiona, mpambaji alikiona, mimi nilikiona, na kila mmoja wetu alidhani ni kasoro ya mwanga au sidiria iliyobana. Nilikifuta mimi. Haikunichukua hata dakika. Nilimwita Madam nikamwonyesha. Alisimama nyuma yangu, akasema sisi si hospitali, akarudi mezani kwake. Kovu sikuligusa, lakini mwenzangu wa meza ya pili aliligusa, na jarida limetoka.

Dada, pumzika kidogo hapa kabla ya kuendelea. Kunywa maji.

Mama amenisimulia yanayoendelea nyumbani kwako. Amesema shemeji amehamia chumba cha watoto, akidai anakuachia nafasi ulale vizuri. Amesema mama mkwe anawaambia wageni kwamba ulijua siku nyingi ukaficha, na mara nyingine anasema ni simu uliyokuwa ukiiweka kwenye sidiria, na mara nyingine ni kwa sababu mtoto wa mwisho ulimwachisha mapema. Kila siku kosa jipya, na yote yako. Amesema nesi alipokuuliza uvimbe ulianza lini ulijibu miezi miwili, na shemeji akaguna mbele ya watu, na wewe ukatoa simu kwenye mkoba ukawaonyesha ile picha yenu ya miaka ishirini ya ndoa, ya mwaka jana. Ukawaambia haya, kifua hiki hapa, kiko wazi, nionyesheni ugonjwa uko wapi. Mama anasema ulimwonyesha nesi, ukamwonyesha daktari, na ile kubwa iliyo sebuleni umemfanya mama mkwe aivalie miwani. Anasema ni hapo tu anapokuona umenyoosha mgongo. Na daktari ameandika kwenye faili kwamba ugonjwa umekuja kwa kasi, ameagiza kipimo cha kukata kinyama, na Jumanne unarudi ili apange mnaanza na nini.

Picha ile nimeisafisha mimi.

Unakumbuka ulivyokuja studio kwetu hapa jaridani mwezi wa nne mwaka jana, na lile gauni la zambarau linaloacha mabega. Ulikuwa umependeza mpaka ukajiogopa. Ulininong'oneza nikupunguzie mikono na kidevu, na mambo mengine niyaache kama Mungu alivyopanga. Mpiga picha alikuambia uinue mkono wa kushoto urekebishe nywele, ukainua, ukacheka, shemeji akakutazama kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akikutazama. Ndiyo picha mliyoichagua.

Nilipoifungua kesho yake asubuhi nilianza na kidevu. Nikaja kwenye mikono. Halafu nikakiona. Upande wa kushoto, juu, karibu na kwapa, kibonyeo, na ngozi ya pembeni yake imekuwa nzito yenye vitundu vitundu. Wewe usingeweza kukiona mpaka uinue mkono mbele ya kioo, na najua hukuwahi kusimama mbele ya kioo hivyo. Shemeji asingeweza kukiona, kwa sababu wewe mwenyewe uliwahi kuniambia, tena ukicheka, kwamba miaka yote hiyo hajawahi kukuona taa ikiwaka. Katika dunia nzima mtu aliyekitazama kibonyeo kile kwenye mwanga ni mimi peke yangu, na nilikuwa nimekikuza mara nne.

Ningeweza kukuambia sikujua. Nimekaa na uongo huo wiki tatu, nikaupamba, karibu niuamini. Cha Chiriku sikukitilia maanani, hilo ni kweli. Lakini chako nilikisimamia. Nilitoa mkono kwenye kipanya. Ile aya ya daktari niliyoitoa miezi miwili kabla ilikuwa na neno hilohilo, kibonyeo, na ngozi yenye vitundu, na ilisema mwanamke akiona hivyo aende hospitali hata kama haumwi. Ilinijia kichwani. Nikajiambia nitamwambia dada.

Halafu nikafikiria nitaanzaje. Wewe ndiye uliyenilea, wewe ndiye uliyenifundisha kuanika chupi chini ya shuka ili baba asizione, wewe ndiye uliyenipa kitambaa nilipovunja ungo na kuniambia mambo haya hayasemwi, yanajulikana tu. Katika maisha yetu yote sijawahi kulitamka neno titi mbele yako. Nikaona utanicheka, au utakasirika kwamba nimekuchungulia. Na mlikuwa na furaha, na picha nyingine zilikuwa zinasubiri. Nikasema nitamwambia akija tena. Nikachukua brashi, nikapitisha, ngozi ikawa laini. Ulipoiona uliniambia mdogo wangu una mikono ya baraka.

Umekuja hapa mara tatu tangu siku ile. Sikusema. Kila nilipokuona mzima nilijipongeza kwamba haikuwa kitu.

Kwa hiyo si miezi miwili, dada. Ni kumi na minne, na huenda zaidi. Ndani ya bahasha kuna picha yenyewe, ile ambayo sijaigusa, na nyuma yake nimeandika tarehe iliyopigwa. Mpe daktari Jumanne kabla hajakuuliza neno lolote. Sijui kama itabadilisha kitu. Daktari wa ukurasa wetu nimemuuliza kama vile nauliza kwa niaba ya msomaji, akasema anayetibu lazima ajue ulianza lini, asije akaandika hadithi isiyokuwepo. Alipomaliza aliniuliza huyo msomaji anaendeleaje. Nikamwambia nitamuuliza.

Najua ninakufanyia nini. Nakunyang'anya kitu pekee ulichokuwa unawaonyesha. Mama mkwe atasema si nilisema, na shemeji ataguna tena, na wewe utakuwa umekaa katikati yao huna cha kutoa kwenye mkoba. Nimelizunguka jambo hili kila upande nikitafuta njia ambayo daktari atajua na wao wasijue, sikuiona. Basi wasomee barua hii. Isome kwa sauti, au mpe binti yako mkubwa awasomee, hata pale nilipotaja habari ya taa. Waambie hukuficha, waambie aliyeona ni mdogo wako na akanyamaza kwa sababu ya haya. Wanihukumu mimi. Ila nawajua, na wewe unawajua, hawataacha kukutazama wewe.

Kazi sijaacha. Nilitaka kukuandikia kwamba nimeacha, ingependeza kwenye barua, lakini leo asubuhi nimesafisha picha kumi na tisa. Kila mmoja nilimkuza kwanza nikamtazama kifua na kwapa kama nesi. Watatu nimewatilia shaka. Sina namba zao za simu, na Madam amesema nikiwatafuta nitafute na kazi nyingine.

Msamaha sikuombi. Ningeuomba ungenipa, nakujua, ungeanza kunibembeleza mimi badala ya kulala upumzike. Jumatatu jioni nitakuwa kwa mama, na Jumanne nitakuja kusimama nje ya geti lako saa moja asubuhi. Ukitaka nikusindikize, nitaubeba mkoba. Ukipita bila kunisemesha, nitakufuata kwa nyuma.

Nisalimie watoto, na yule mdogo mwambie penseli zake za rangi nimezipata. Nisalimie shemeji. Mama mkwe pia mpe salamu zangu. Na wewe, dada, kabla hujaoga leo washa taa, simama mbele ya kioo na uinue mkono wa kulia. Huo wa kulia kwenye picha ulikuwa chini, sikuweza kuona.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba