Ukurasa Mmoja Juu ya Viwavi

Uskoti, Jumanne

Mpendwa dada yangu Nafula,

Kosa tunalofanya wengi wetu ni kudhani kwamba kazi ya utafiti inaombwa kwa wingi wa vyeti. Nisamehe kwa kuanza na hilo kabla ya salamu, lakini tangu jana situlii. Mimi ni mzima, ila kifua kinanisumbua kwa baridi. Nawe hujambo? Mama pale Ndalu, mguu wake umepona?

Bahasha yako ya kuomba kazi ilifika. Jana nikiwa maabarani narekebisha mizani, profesa wa wadudu aliniita. Karatasi zako zilikuwa zimejaza meza: cheti cha darasa la saba, cha ubatizo, kila kimoja na muhuri wa wakili.

"Bwana Wanjala, huyu aliyetia sahihi hapa ni mwanasayansi?"

"Hapana, ni chifu wa kwetu. Anathibitisha kwamba dada yangu ana tabia njema."

"Tabia ya viwavi wake ndiyo ninayoitaka! Aligundua nini?"

Nikafungua mdomo. Akainua mkono. "Usimsemee. Aniambie mwenyewe." Kisha akaisukuma bahasha hadi ukingoni mwa meza.

Najua utakavyojibu. Uliwahi kuniandikia, "Kaka, si nikipunguza karatasi wataona ati nimeficha kitu?" Katika ofisi za kwetu ni kweli. Lakini kazi hii ya utafiti ya miaka miwili, kwa mwenye shahada ya uzamivu kama wewe, haifanani na ajira ya serikali. Ni mtu mmoja mwenye swali anayemtafuta mwenzake wa kulijibu. Profesa huyu anataka kujua kwa nini viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi huyaacha mahindi na kuingia kwenye nyasi za kando ya shamba. Wewe umewafuata misimu mitatu kule Kitale, mvua ikikunyeshea! Mwambie ulichokiona, ulipokosea, na unachotaka kujaribu sasa.

Mimi nilituma vyeti nikangojea majibu mpaka elimu ikapoa, ndiyo maana leo natengeneza mizani ya wengine. Naogopa nawe utazeekea hapo Bungoma ukifundisha biolojia kidato cha pili, huku madaftari yako ya shambani yakiliwa na mchwa.

Profesa atachagua mtu mwisho wa mwezi. Posta haitawahi, kwa hiyo barua hii nimempa Simiyu, jirani yangu hapa, mtu wa Bokoli, anayerudi nyumbani kesho. Bwana Harjit wa duka la vipuri, karibu na shule yako, ana faksi. Nambari ya faksi ya profesa nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie Mama, shemeji yangu mumeo, na mjomba Wekesa anayeuza mitumba Lwakhakha. Chifu naye mshukuru, ila sasa mwache apumzike.

Leo hii uisomapo barua, andika ukurasa mmoja juu ya viwavi wako, uupeleke kwa Harjit.

Kaka yako,
Wanjala